Panya Nyumbani: Ziba Tundu Kabla ya Kununua Sumu

Mahindi yakishavunwa hapa Gairo, panya nao huhama. Hufuata chakula kilikokwenda, yaani nyumbani kwetu. Ndipo wengi hukimbilia gulioni kununua sumu isiyo na jina wala maelezo.

Usiku mmoja tulimpokea mtoto wa miaka mitatu aliyeokota tonge la ugali nyuma ya gunia. Mama yake alikuwa amelitia sumu ya panya. Nyumbani walimnywesha maziwa kwanza, wakapoteza muda. Mtoto yule alipona, lakini si wote wanaopona. Basi, tujifunze kuwaondoa panya bila kuhatarisha watoto.

Kwa nini panya hawaishi?

Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wamemchunguza kwa miaka mingi, huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mimba yake ni ya wiki tatu hivi. Ukiua wachache na chakula kikabaki wazi, wengine hujaza nafasi upesi.

Magonjwa

Mkojo wa panya huleta homa ya mgunda. Vijidudu vyake huingia mwilini kupitia michubuko, maji au chakula kilichochafuliwa. Mwaka 2022 ugonjwa huu uliua watu watatu mkoani Lindi. Dalili ni homa, kuumwa kichwa na misuli, hasa ya miguu, na pengine macho kuwa ya njano. Kipimo cha malaria kikionyesha huna vijidudu na homa inaendelea, mweleze mganga kwamba nyumbani kuna panya. Tauni nayo huenezwa na viroboto wa panya. Iliwatesa wenzetu wa Lushoto kwa miaka mingi tangu 1980.

Tufanye nini?

1. Funika chakula na maji. Osha vyombo kabla ya kulala.
2. Weka nafaka katika pipa la bati lenye mfuniko, au kihenge kilichoinuliwa kiasi cha mita moja. Kila mguu uvishwe bati pana lililokunjwa kama mwavuli, panya asipande.
3. Ziba matundu kwa saruji au wavu wa chuma. Panya mdogo hupita penye upana wa kalamu.
4. Fyeka majani kuzunguka nyumba.
5. Tega mitego kando ya ukuta, maana panya hupenda kupita hapo. Chambo kiwe dagaa au karanga.
6. Usifagie mavi ya panya yakiwa makavu. Fungua madirisha, yanyunyizie maji yenye dawa ya klorini, subiri, kisha futa. Mzoga usiushike kwa mkono mtupu, uzike.

Paka husaidia, lakini akila panya mwenye sumu naye hufa.

Mtoto akila sumu

Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti ya sumu, hata kama anaonekana mzima. Sumu nyingine huanza kutoa damu mwilini baada ya siku kadhaa.

Mwisho, shirikianeni na jirani. Nyumba moja ikisafishwa peke yake, panya watatoka kwa jirani na kurudi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Chakula gani hulala wazi kwetu?
2. Je, kuna sumu iliyofichwa mahali mtoto anapofika?