Inuka Haraka, Keti Taratibu

Chukua kiti cha mbao kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na kuketi tena mara 5 mfululizo huku mtu akiangalia saa. Wataalamu wa Ulaya wanaoshughulika na udhaifu wa misuli uzeeni wameweka mpaka: ukizidi sekunde 15, nguvu za miguu yako zinatiliwa shaka. Kipimo hiki ni cha bure, na hakipimi nyama ya mapaja peke yake. Kinapima pia jinsi ubongo unavyoiamuru miguu, na kwa kasi gani.

Hilo la pili husahaulika. Mzee akianza kujivuta kwa kushika meza, wanawe husema mwili umeisha, ale vizuri, anunuliwe maziwa. Maziwa si mabaya. Lakini watafiti wa Pittsburgh na Memphis, Marekani, waliwafuatilia watu zaidi ya 1,800 wenye umri wa miaka 70 hadi 79 kwa muda wa miaka 3, wakaona nguvu za miguu zikishuka karibu mara 3 zaidi ya nyama yenyewe. Hata waliofaulu kuongeza nyama hawakunusurika kupoteza nguvu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kasoro iko kwenye njia ambayo amri hupitia kabla ya kufika kwenye msuli.

Njia hiyo huanzia kwenye ukanda wa ubongo unaopita utosini, kutoka upande wa sikio moja hadi la pili. Amri hushuka kwenye uti wa mgongo, ikapokewa na seli ya neva yenye mkia mrefu unaofika hadi kwenye msuli. Kwenye misuli ya jicho seli moja huongoza nyuzi chache tu. Kwenye shavu la mguu yaweza kuongoza zaidi ya 1,000. Kuanzia miaka ya 60 hivi, seli hizi hupungua. Nyuzi zilizoachwa hazifi zote, kwa sababu neva jirani huchipuza tawi na kuzichukua, kama mwalimu anayejumlisha darasa la mwenzake aliyehama na la kwake. Kazi huendelea, ila usimamizi hulegea. Hiyo ni sababu mojawapo ya mkono wa bibi kuyumba anapomimina chai au kutunga uzi kwenye sindano.

Zinazopotea zaidi ni nyuzi za kasi, zile zinazokuwahi unapojikwaa kwenye kizingiti. Na kuna kanuni aliyoibainisha Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1950 na 1960, ambayo kila anayefanya mazoezi angepaswa kuijua: mwili huita seli ndogo kwanza, na kubwa huitwa mwisho, pale tu kazi inapokuwa nzito au ya haraka. Mtu anayetembea taratibu kwenda sokoni na kurudi ameutendea wema moyo wake na presha yake. Zile seli kubwa za paja hazikuitwa hata mara moja. Ndiyo maana nina shaka na jibu la “mimi natembea sana”. Endelea kutembea, lakini usidhani umemaliza.

Zoezi la kuanza nalo ni hilohilo la kiti. Sogeza nyayo nyuma kidogo hadi visigino viwe karibu chini ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu. Wengi hushindwa kuinuka kwa sababu wanabaki wima kama wamefungwa ubao. Kisha sukuma sakafu na usimame kwa haraka kadiri uwezavyo, huku ukitoa pumzi. Usibane pumzi, hasa kama una presha. Ukifika juu, nyooka kabisa, tulia kidogo, halafu shuka ukihesabu moja hadi nne. Usijitupe kitini. Kule kushuka taratibu kunaufundisha msuli kukamata uzito, na kule kuinuka haraka kunaziita zile seli kubwa. Hata kama mwili wenyewe hauendi haraka, nia ya kwenda haraka ina maana, kwa sababu ndiyo amri yenyewe.

Rudia mara 8 hadi 10, pumzika dakika moja au mbili, kisha fanya mzunguko wa pili. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, ukiacha siku moja katikati. Mara mbili za mwisho katika kila mzunguko ziwe ngumu kweli; kama bado unapiga soga ukifika ya kumi, kazi ni nyepesi mno. Hapo chukua dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5, ulikumbatie kifuani. Mwingine ana shida ya kinyume, kwamba hawezi kuinuka hata mara moja bila mikono. Huyo aweke mto mmoja au miwili juu ya kiti ili kimo kiongezeke, aanzie hapo, na wiki baada ya wiki apunguze mito. Goti likiuma kwa makali, ongeza kimo cha kiti badala ya kuacha.

Kiti kikishakuwa rahisi, hamia chini. Watu wetu wengi bado huketi kwenye mkeka, wengine hukuna nazi juu ya mbuzi, wengine husali kwa kusujudu na kuinuka, na vyoo vya kuchuchumaa bado vipo. Hiyo ni hazina, na sioni busara ya kuikimbia mapema kwa kununua makochi marefu ya kuzama. Anayeweza kuinuka kutoka sakafuni leo na afanye hivyo kila siku, akiwa na kitu imara karibu cha kushika. Mwenye nyonga au goti lililofanyiwa upasuaji amuulize kwanza daktari wake.

Sasa tahadhari moja kuhusu matarajio. Katika wiki za mwanzo nguvu zitapanda, lakini paja halitanenepa, na wengi huacha hapo wakidhani wanapoteza muda. Tangu utafiti wa Moritani na deVries wa mwaka 1979 imejulikana kwamba ongezeko la mwanzo hutokana zaidi na neva: ubongo unajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi, na kuzuia misuli ya upande wa pili isivute kinyume. Mfano ninaoupenda ni wa Boston, mwaka 1990. Wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walifundishwa kunyoosha magoti dhidi ya uzito kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9. Nguvu zao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174, ilhali ukubwa wa misuli ya paja uliongezeka kwa asilimia 9 hivi. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni kubwa mno kuelezwa na nyama.

Mikono ina habari fupi zaidi. Kwa utulivu wa vidole uzito mkubwa hauhitajiki. Shika chupa ya maji ya nusu lita, inyanyue na kuishusha polepole sana bila kutikisika, dakika chache kila siku. Anayejua kusuka ukili au kushona kofia asiache kwa kisingizio cha uzee.

Jambo linalostahili muda zaidi ni kutembea huku akili ikiwa mahali pengine. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, Sweden, walichapisha jaribio rahisi ajabu. Walitembea na wazee 58 wa nyumba za kulelea wazee na kuanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kijana hutembea bila kufikiri, kwa kuwa sehemu za chini za ubongo na uti wa mgongo humalizia kazi. Mtu akizeeka hatua huanza kudai umakini, na ukimpa jambo la pili la kufikiria, moja kati ya hayo mawili litaachwa.

Jaribu kwa mtu wako. Akisimama kila anapoulizwa swali, usimpigie simu ukijua anavuka barabara, na mfundishe kukata maongezi kwanza penye ngazi au matope. Halafu mzoeshe. Pembeni mwa ukuta au kwenye korido, atembee hatua 20 akitaja majina ya wajukuu kwa kufuata umri, au akihesabu kutoka 100 kurudi nyuma kwa kutoa 3. Umfuate kwa karibu, mkono ukiwa tayari. Siku nyingine asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika sinki la jikoni, kisha aachie kidole kimoja kimoja. Kuweza kusimama hivyo kwa sekunde 10 bila kushika ni lengo la haki kwa mtu wa miaka 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi yanayochanganya usawa wa mwili na nguvu angalau siku 3 kwa wiki, mbali na kutembea.

Na yule aliyevunjika mkono, akafungwa plasta ngumu? Naye ana kazi ya kufanya. Edward Scripture wa Yale aliandika mwaka 1894 kwamba kufundisha mkono mmoja huongeza nguvu za mwingine ambao haukuguswa. Kwa hiyo mkono mzima ufanye mazoezi. Kuhusu ule uliofungwa, keti mahali patulivu, fumba macho, ufikirie unaukunja na kuubana kwa nguvu zako zote, sekunde 5 kukaza na 5 kulegeza, kwa dakika 10 hivi. Hakuna uchawi hapa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio waliwafunga vijana wazima viganja kwa wiki 4. Waliokaa tu walipoteza asilimia 45 ya nguvu, na waliofikiria wanakaza walipoteza asilimia 24. Mfupa na plasta ni vilevile. Kilichotofautiana ni amri kuendelea kutumwa.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu vya tiba, nacho ni heshima yetu. Mzee akitaka maji, mjukuu ameshakimbia. Akitaka kwenda uani, mtu amemshika kwapa na kumnyanyua. Akiugua malaria, analazwa wiki nzima na kukatazwa kuinuka. Tunafanya kwa mapenzi, na tunamdhoofisha. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wazima wenye afya, wa wastani wa miaka 67, walilala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu na takriban asilimia 16 ya nguvu za kunyoosha goti. Mletee babu maji, lakini yaweke mezani hatua chache kutoka alipo. Mpe mkono aushike mwenyewe, usimbebe. Akilazwa, muulize daktari ni lini anaruhusiwa kuketi na kusimama, kisha msaidie kufanya hivyo mara kadhaa kwa siku.

Acha zoezi mara moja ukisikia kifua kubana, pumzi kukatika au kizunguzungu kinachotaka kukuangusha. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo afanye akiwa amevaa viatu vilivyofungwa, asifanye peku. Anayetumia dawa za usingizi au za presha na kuhisi kuyumba kila anaposimama amweleze daktari, maana huenda dozi ndiyo yenye makosa.

Yote haya yanahusu udhaifu unaokuja polepole, kwa miaka. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukipinda au maneno yakitoka yamevurugika, huo si uzee wala si jambo la mazoezi. Ni dalili za kiharusi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msingoje kupambazuke.