SOMO LA 7: KOMPYUTA YA ZAMANI IMEKUWA BUBU, TUFANYEJE?



Katika masomo yaliyotangulia ulijifunza kuwasha na kuzima kompyuta, kuandika barua, na kutunza kazi yako kwenye disketi. Leo tunajibu swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza katika chumba cha kompyuta: kwa nini baadhi ya mashine hazitoi sauti, ilhali nyingine za aina ile ile zinatoa?

Swali hili si la burudani tu. Somo la Kiingereza lililoko kwenye CD ni la kusikiliza. Bila sauti linabaki picha zinazochezacheza. Mama wa darasa la kisomo anayefuatisha herufi kwenye skrini anahitaji kusikia herufi hiyo ikitamkwa. Ndugu asiyeona hana faida yoyote na skrini. Kwake yeye sauti ndiyo kompyuta yenyewe. Tena mashine isiyotoa sauti huandikwa "mbovu" kwenye orodha, na ikishaandikwa hivyo haichukui muda mrefu kabla ya kuondolewa chumbani. Nyingi kati ya hizo si mbovu. Zina ugomvi wa ndani, na ugomvi huo unaweza kusuluhishwa bila kununua kitu.

Wengine wamependekeza tuondoe Windows 98 na kuweka mfumo mpya zaidi. Ni kweli kwamba Windows 98 ni mfumo wa kizamani. Ulitoka mwaka 1998, na kampuni ya Microsoft iliacha kuutengenezea marekebisho tarehe 11 Julai 2006. Lakini mashine yenye kumbukumbu ya MB 32 haiwezi kubeba hata Windows XP ya mwaka 2001, ambayo inadai MB 64 kwa uchache. Windows 98 inaridhika na MB 16. Kwa hiyo mashine hizi tunaziacha na mfumo wake, ila haziunganishwi na intaneti, kwa sababu mfumo huo hauna tena kinga.

ANZA NA MAMBO MEPESI

Kabla ya kumshika mtu shati ukidai kadi imekufa, angalia spika. Je, zina umeme? Je, plagi yake imeingia kwenye tundu sahihi nyuma ya mashine? Kompyuta zilizotengenezwa kuanzia karibu mwaka 1999 zina rangi: kijani ni tundu la spika, waridi ni la maikrofoni, na buluu ni la kuingizia sauti kutoka redio au kaseti. Zile za zamani zaidi hazina rangi, zina maandishi madogo tu yaliyochongwa kwenye bati, na vumbi letu jekundu hulifunika. Pangusa kwanza ndipo usome. Baadhi ya kadi za zamani zina pia gurudumu dogo la kuongeza sauti pale pale nyuma, na mtu anaposukuma meza hulizungusha bila kujua.

Kisha tazama pembe ya chini ya skrini, karibu na saa. Utaona picha ya spika ndogo ya manjano. Ibonyeze mara mbili kwa kipanya. Kila palipoandikwa "Mute" pasiwe na alama ya vema. Kama picha hiyo haipo kabisa, huenda Windows haiioni kadi ya sauti. Endelea na somo.

MASHINE INAIONA KADI?

Bonyeza "Start", halafu "Settings", halafu "Control Panel", kisha fungua "System" na uchague "Device Manager". Baadhi ya mashine zetu ziko kwa Kifaransa. Humo utapita "Démarrer", "Paramètres", "Panneau de configuration", "Système" na "Gestionnaire de périphériques". Hatua ni zile zile.

Mbele yako ni orodha ya viungo vyote vya kompyuta. Tafuta kundi la sauti, lenye picha ya spika. Ukikuta jina la kadi bila alama yoyote, Windows imeridhika nayo. Alama ya mshangao yenye manjano maana yake kadi inaonekana lakini kuna tatizo. Msalaba mwekundu maana yake kuna mtu aliyeizima. Alama ya kuuliza ya manjano huonyesha kwamba Windows imekuta kitu lakini haina draiva yake, yaani programu ndogo inayoifundisha jinsi ya kuongea na kadi hiyo.

Kuhusu draiva, neno moja muhimu: hazikopeshani. Draiva ya kadi ya ESS haitaendesha kadi ya Yamaha hata kama kadi zenyewe zinafanana kama mapacha. Soma maandishi kwenye kadi yenyewe. Kadi za Creative, kampuni ya Singapore iliyotoa Sound Blaster mwaka 1989 na Sound Blaster 16 mwaka 1992, zina namba inayoanza na herufi CT. Kadi nyingine soma namba iliyo juu ya kidude cheusi kikubwa kuliko vyote, kwa mfano ES1868. Sound Blaster 16 ina bahati: draiva yake imo ndani ya CD ya Windows 98 yenyewe, kwenye folda iitwayo WIN98. Ni vizuri folda hiyo inakiliwe mara moja kwenye diski ya mashine, ili Windows ikiuliza CD uandike C:\WIN98 na kuendelea, badala ya kuitafuta CD ambayo siku zote iko kwa mtu mwingine.

UGOMVI WA MLANGO

Hapa ndipo penye kiini cha somo, nasi tutakaa kidogo.

Kadi ya sauti haifanyi kazi peke yake. Ubongo wa kompyuta huipa kipande kifupi cha sauti, kadi inakicheza, na kikikaribia kwisha inabisha hodi: "Nipe kingine." Ili hodi isikike, kila kifaa kimepewa mlango wake wa kubishia. Wataalamu huuita IRQ. Milango iko 16 tu, kuanzia 0 hadi 15, na mingi ina wenyewe tangu kiwandani. Mlango 0 ni wa saa ya ndani, 1 ni wa kibodi, 2 unaunganisha safu mbili za milango, 3 na 4 ni ya matundu ya nyuma ya kuunganishia modemu na kipanya cha zamani, 6 ni wa disketi, 7 wa printa, 8 wa saa ya tarehe, 12 wa kipanya cha tundu la mviringo, 13 wa hesabu, 14 na 15 ya diski ngumu na CD. Hesabu mwenyewe iliyobaki: 5, 9, 10 na 11. Milango minne, na kila kadi inayoongezwa inaitaka.

Sound Blaster kwa kawaida hukaa mlango 5. Sasa fundi anakuja na kuchomeka kadi ya mtandao, nayo inachukua 5. Kuanzia siku hiyo vifaa viwili vinabisha mlango mmoja, na ubongo wa kompyuta haujui nani anaita. Kadi mpya fupi zinazoingia kwenye nafasi nyeupe, zinazoitwa PCI, zinaweza kuvumiliana kwenye mlango mmoja. Zile ndefu za kizamani za nafasi nyeusi, zinazoitwa ISA, kwa kawaida haziwezi. Na kadi nyingi za sauti za mashine hizi ni ISA.

Utautambuaje ugomvi huu kwa sikio? Sauti inaanza vizuri, lakini baada ya nusu sekunde inakwama na kurudia pale pale: "hab-hab-hab-hab". Kadi imebisha hodi, hakuna aliyeitika, hivyo inarudia kipande kile kile ilichonacho. Mtu akisikia hivyo husema kadi imeungua. La, ndugu. Kadi inayorudia ni nzima, imekosa mlango. Kama badala yake hupati kitu au unapata mkwaruzo mtupu, shuku ile njia ya kupitishia mzigo wa sauti iitwayo DMA, ambayo kwa kawaida ni 1, na kwa sauti za ubora wa juu ni 5.

Kuona nani yuko mlango gani ni rahisi. Katika ile orodha ya "Device Manager", bonyeza mara mbili neno "Computer" lililo juu kabisa. Utaonyeshwa milango yote na wakaaji wake. Nakili kwenye daftari kabla ya kugusa kitu. Daftari hilo litakuokoa siku ukitaka kurudisha mambo yalivyokuwa.

Sasa rudi kwenye jina la kadi ya sauti, libonyeze mara mbili, chagua ukurasa wa "Resources", na uondoe alama ya vema penye "Use automatic settings". Chagua mstari wa IRQ, kisha "Change Setting", nawe uipe kadi mlango ulio wazi, kwa mfano 10. Chini ya kidirisha Windows itakuambia kama mlango huo una mtu. Ikiandika "No conflicts", kubali, kisha washa mashine upya. Ikikataa kabisa kubadilisha, jaribu kuchagua mpangilio mwingine katika mstari wa "Setting based on". Kama bado inakataa, basi mhamishe mgeni, yaani kadi ya mtandao, badala ya mwenyeji.

Tahadhari: kadi za zamani zaidi hupangwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki vinavyovikwa kwenye sindano za kadi. Kwa hizo, kubadilisha namba ndani ya Windows hakubadilishi kitu kwenye kadi. Ni sawa na kuandika anwani mpya kwenye bahasha wakati mtu hajahama. Lazima vifuniko na Windows viseme namba moja.

Wale wanaotumia programu za DOS, kama baadhi ya zile za kujifunzia kupiga chapa, wana hatua moja zaidi. Programu hizo haziangalii Windows. Zinasoma mstari ulio katika faili la AUTOEXEC.BAT, unaofanana na huu:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6

A ni anwani ya kadi, I ni mlango wa hodi, D na H ni zile njia mbili za mzigo, na T6 inaeleza kuwa kadi ni Sound Blaster 16. Ukihamisha kadi kwenda mlango 10 ukasahau mstari huu, sauti itatoka ndani ya Windows lakini DOS itabaki bubu. Badilisha I5 iwe I10.

SAUTI INAYOPOTEA KILA ASUBUHI

Kuna mashine zinazopona jioni na kuugua tena asubuhi, jenereta likiwashwa. Watu wamelilaumu jenereta. Angalia tarehe kwenye skrini: kama imerudi nyuma miaka mingi, tatizo ni betri. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ya duara, bapa kama sarafu, ya volti 3, ambayo mara nyingi imeandikwa CR2032. Hiyo ndiyo inayotunza tarehe na mipangilio ya awali ya mashine umeme unapokatwa. Katika mipangilio hiyo baadhi ya mashine huwa zimeagizwa ziutenge mlango fulani kwa ajili ya kadi ya ISA. Betri ikifa, agizo linasahauliwa, na kadi nyingine inaingia mlangoni. Unaweza kupanga upya Windows kila siku hadi uchoke; dawa ni betri.

CD INACHEZA, ILA KIMYA

Jambo la mwisho limewachanganya hata wazoefu. Sauti za Windows zinasikika, lakini CD ya muziki au ya mazungumzo inazunguka bila kutoa sauti. Kwenye mashine hizi sauti ya CD za namna hiyo hupita kwenye waya mwembamba unaotoka nyuma ya kisomeo cha CD hadi kwenye kadi ya sauti. Mtu akifungua mashine kusafisha, waya huo huchomoka au husahaulika. Hakuna programu itakayourudisha. Lazima mkono uingie ndani.

Na mkono usiingie ndani bila msimamizi wa chumba kujua. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha gusa bati la sanduku kabla ya kugusa kadi, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini unaweza kuiua. Kadi isiyoonekana kabisa kwenye orodha ichomolewe, ukingo wake wenye rangi ya dhahabu usuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, halafu irudishwe hadi ikae sawasawa. Mtu yeyote akikuomba fedha ili "alete kadi mpya", mwombe kwanza akuonyeshe orodha ya milango. Asiyeijua orodha hiyo hajapima kitu.

MAZOEZI

1. Kompyuta ina kadi ya sauti kwenye IRQ 5 na kadi ya mtandao kwenye IRQ 5, zote za ISA. Mlango 10 uko wazi, 9 na 11 imechukuliwa. Utafanya nini, na utabadilisha nini kwenye mstari wa BLASTER?

2. Sauti za Windows zinatoka, programu ya DOS iko kimya. Utaanza kuangalia wapi?

3. Nakili milango yote 16 ya mashine unayotumia wewe, na wakaaji wake.

Majibu yaandikwe kwenye daftari na kuletwa kwa msimamizi wa chumba cha kompyuta. Jibu la swali la tatu litabandikwa ubavuni mwa kila mashine, ili fundi atakayekuja ajue mlango upi una mtu. Somo lijalo litahusu kurekodi sauti yako kwa maikrofoni.