Jinsi Vyombo vya Plastiki Vinavyofinyangwa

Anunuaye jerikeni la kuchotea maji mara nyingi hutazama rangi na bei tu. Lakini akiligeuza chini juu ataona mstari mwembamba uliokatiza kitakoni. Yafaa akague hapo kwanza, na sababu yake imo katika namna chombo hicho kinavyofanywa.

Plastiki hufika kiwandani ikiwa punje ndogo mfano wa mchele. Punje hizo hutiwa katika silinda yenye moto, ambamo parafujo kubwa huzunguka na kuzisukuma mbele hata zikawa laini kama uji mzito. Kwa jerikeni, plastiki hiyo hutoka ikining'inia kama mwanzi ulio wazi ndani. Kalibu ya chuma yenye vipande viwili huufumba mwanzi huo na kuubana chini. Kisha hewa hupulizwa ndani, nao hutanuka mpaka kugusa kuta za kalibu. Pale ulipobanwa ndipo penye mshono. Nazo pembe, kwa kuwa plastiki imevutwa sana kuzifikia, huwa nyembamba kuliko mbavu. Basi jerikeni lililofanywa kwa plastiki haba hupasuka mshononi au pembeni, pengine njiani, likiwa na lita 20 za maji, yaani kilo 20 mgongoni mwa mama. Majerikeni mawili ya kipimo kimoja yakiinuliwa matupu, lililo zito zaidi ndilo la kuchukua, hata kama rangi yake haipendezi.

Beseni halipulizwi. Plastiki ya moto husukumwa kwa nguvu nyingi kupitia tundu dogo mpaka ijae kalibu, na alama ya tundu hilo hubaki kitakoni mfano wa kitovu. Njia hii si ngeni: John Wesley Hyatt na nduguye Isaiah walipewa hati ya ubunifu wa mtambo wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1872. Mabomba ya maji, kwa upande wake, hukamuliwa mfululizo kupitia tundu la duara, yakapozwa na kukatwa.

Plastiki za vyombo hivi zikipata moto tena hulainika; ndiyo maana fundi huweza kuziba ufa wa jerikeni kwa chuma cha moto. Bakelaiti, aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ni kinyume. Unga wake hushindiliwa katika kalibu yenye moto, na ukishagandamana haulainiki tena. Kwa hiyo ilifaa kwa vishikio vya sufuria na swichi za umeme. Kishikio cha namna hiyo kikivunjika, fundi wa chuma cha moto hana la kufanya, kwani kitaungua tu.