SOMO LA NYUMBANI: MBWA ASIYESHIKIKA HACHANJIKI

Huenda somo letu la leo likawachekesha wengine: kumwosha mbwa. Tukitembelea familia huku Thika na Ruiru, na tukiuliza habari za mbwa aliyefungwa kando ya geti, jibu ni lile lile: "Huyo ni wa kulinda, si wa kuoshwa." Lakini siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika, wenyewe wanakuja mikono mitupu. "Mbwa yetu haishikiki," mama mmoja wa Makongeni alituambia. "Hata mimi inataka kuniuma." Mbwa huyo alibaki bila chanjo, na watoto wanne wanapita mbele yake kila asubuhi wakienda shule.

Basi kumwosha mbwa si mapambo. Ni kumzoeza kushikwa.

TUANZEJE?

Tuanze angali mdogo. Kila siku mshike masikio, inua miguu, mfungue mdomo kidogo, huku ukimpa kipande cha ugali. Kama ni mkubwa na mkali, tusimlazimishe. Yule anayemlisha ndiye aanze, ampige brashi mgongoni dakika chache tu, aache kabla hajakasirika. Mtoto asiachiwe kazi hii peke yake.

KUMWOSHA

Tayarisha karai, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, brashi kuukuu na gunia kavu. Maji ni taabu kwetu, lakini debe moja latosha mbwa wa kadiri. Chagua saa za jua, si jioni. Mpige brashi kwanza akiwa mkavu, kisha mwagia maji kutoka shingoni kwenda nyuma, yasiingie masikioni. Sabuni ya unga huchoma ngozi, tuiache. Suuza mpaka povu liishe, umpanguse na gunia. Brashi kila wiki, maji mara moja kwa mwezi, inatosha.

TUKAGUE NINI?

Masikioni na katikati ya vidole tutafute kupe. Mvute polepole karibu na ngozi kwa kibanio, umtie ndani ya mafuta ya taa. Usimpasue kwa kucha. Toa mnyororo uangalie kama umekata shingo. Kisha angalia nyayo, kwani mbwa naye hushikwa na funza. Tukitibu miguu ya mtoto na kumsahau mbwa anayelala mlangoni, funza watarudi. Tufagie pale anapolala na kuanika gunia lake juani.

ONYO

Wengine hupaka oili chafu ya gari, au dawa ya kupe ya ng'ombe bila kuipima. Mbwa hujilamba, na hivyo anameza sumu. Tumwulize kwanza afisa wa mifugo.

CHANJO

Akishazoea kushikwa, kumpeleka chanjo ni rahisi. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu ikiwa mbwa wetu wanabaki nyumbani.

Mtu akiumwa, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Tusingoje kuona kama mbwa atakuwa mgonjwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, ni nadra sana kupona. Na mbwa akibadilika ghafla, akatokwa na mate mengi au kuuma ovyo, hapo si wakati wa kumwosha. Tukae mbali naye na kuwaarifu watu wa mifugo haraka.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwetu, ni nani anayeweza kumshika mbwa bila kuumwa?

2. Alichanjwa lini mara ya mwisho? Kadi yake iko wapi?

3. Kule Ruiru tumeona ploti yenye wapangaji kumi na mbwa mmoja. Wote wanamtupia chakula, lakini hakuna anayesema "ni wangu." Katika ploti yetu, ni nani atakayempeleka chanjo?