Skype imefungwa, nitampigiaje mwanangu?

Swali: Mwanangu yuko Uingereza. Tulizoea Skype, sasa haifunguki. Ipo ya bure? – Mama, Nyashimo, Busega

Jibu: Mama, simu yako haina kosa. Microsoft waliifunga Skype tarehe 5 Mei 2025. Tumia WhatsApp, au Signal, ambayo mimi naipenda zaidi: inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, wala haina matangazo. Wote wawili muwe na programu ileile.

Ila bure ni programu tu, bando utanunua. Picha hula bando kubwa kuliko sauti, basi msalimiane kwa video dakika moja, kisha mzime kamera. Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, washa kitufe cha kupunguza data wakati wa kupiga simu.