Wikendi New Orleans: Panga Pesa Zako Kabla Hujapanga Kula

Kuna wale ambao mwaka huu wataenda Marekani kumuona mtoto akifuzu chuo, kumtembelea dada aliyeolewa Texas, au kwa mkutano wa kikazi. Ukishafika huko, si ajabu wenyeji wako wakuambie: "Wikendi hii tuteremke New Orleans." Kutoka Houston ni mwendo wa kama saa tano au sita kwa gari. Na wewe hutaki kuwa mgeni wa kubebwa kila mahali bila kutoa hata senti.

Leo tunakusaidia kupanga wikendi hiyo: cha kuona, cha kula, na zaidi ya yote namna pesa zitakavyotoka mfukoni. Watu wengi hawaharibikiwi safari kwa kukosa pesa. Huharibikiwa kwa sababu pesa zipo lakini zimekwama, au zimekatwa mahali ambapo hawakutarajia.

Mji wenyewe

New Orleans uko jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, baadaye ukawa chini ya Wahispania, kisha Marekani ikaununua pamoja na eneo lote la Louisiana mwaka 1803. Waafrika walioletwa huko kama watumwa ndio walioutia mji huu sehemu kubwa ya ladha yake na mdundo wake. Chakula chake maarufu, gumbo, ni mchuzi mzito, na jina lake linatokana na neno la Kibantu la bamia. Kwa hivyo ukikaa mezani pale, usijione mgeni sana.

Chagua wakati vizuri. Bei za hoteli hupanda sana msimu wa Mardi Gras, sherehe inayofikia kilele siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, na pia wakati wa tamasha la jazz mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni hadi Novemba. Kimbunga Katrina kilipiga Agosti 2005 na mji huo haujakisahau. Ukienda miezi hiyo, lipia chumba ambacho unaweza kughairi na kurudishiwa pesa, hata kama ni ghali kidogo.

Somo la kwanza: bei ya menyu si bei ya kulipa

Hapa Kenya ukiona chapati ni shilingi 30, unalipa 30. Kule sivyo. Bei iliyoandikwa haina kodi ya mauzo, ambayo New Orleans ni karibu asilimia 10. Halafu kuna bakshishi. Kule bakshishi si hisani kama unavyoijua wewe. Mhudumu anaitegemea kama mshahara, na kawaida ni asilimia 18 hadi 20.

Hebu tupige hesabu, tukichukulia dola 1 ni shilingi 130:

- Chakula cha watu wawili kwenye menyu: dola 40 (shilingi 5,200)
- Kodi, asilimia 10: dola 4
- Bakshishi, asilimia 20: dola 8
- Jumla: dola 52 (shilingi 6,760)

Hiyo ni tofauti ya shilingi 1,560 kwa mlo mmoja. Wikendi ina milo mitano au sita. Kanuni rahisi: ukiona bei ya mkahawani, ongeza theluthi moja kichwani, ndipo uamue kama unaagiza. Na kabla ya kuweka bakshishi, soma risiti. Kuna mikahawa ambayo huwa imeshaiweka yenyewe, hasa mkiwa wengi. Usilipe mara mbili.

Somo la pili: pesa iliyozuiliwa si pesa iliyopotea, lakini huwezi kuitumia

Hili ndilo huwatoa watu jasho mapokezi. Unaweka kwenye kadi yako ya mtandaoni pesa kamili za chumba, unafika, kadi inakataa. Kwa nini? Hoteli nyingi huzuilia amana juu ya bei ya chumba, ikiwa utavunja kitu au kutumia huduma za ziada. Tuseme ni dola 50 kwa kila usiku. Kwa usiku mbili ni dola 100, yaani shilingi 13,000 ambazo zitakaa zimefungwa hadi uondoke, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi kwenye salio lako. Mashine za mafuta na kampuni za kukodisha magari nazo hufanya hivyo hivyo.

Jambo jingine: hoteli nyingi hutaka kuona kadi ya kushika mkononi, yenye jina lako. Kadi iliyo kwenye simu peke yake inaweza kukataliwa. Kabla ya kulipia chumba, piga simu au andika uulize mambo matatu: amana ni kiasi gani, wanakubali kadi ya aina gani, na jina la kwenye kadi lazima liwe la nani. Kama ni mwenyeji wako atakayeweka kadi yake, mtumie pesa zake mapema. Usimwachie deni la hoteli eti "nitakurudishia".

Somo la tatu: lipa kwa dola

Mara nyingine mashine ya kulipia itakuuliza kama unataka kukatwa kwa dola au kwa shilingi ya Kenya. Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Lakini ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha fedha, na kwa kawaida kiwango hicho kinakuumiza. Chagua dola. Kabla ya kusafiri, soma ada za kadi yako: wanakata kiasi gani kwa malipo ya nje, na kiasi gani ukitoa taslimu kwenye mashine ya benki. Angalia pia kiwango chako cha juu cha kulipa kwa siku.

Na usisahau laini yako ya Kenya. Nambari ya uthibitisho ya malipo huja kwa ujumbe kwenye laini hiyo. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado hapa, si ukiwa umesimama kwenye foleni na mhudumu anakutazama.

Ratiba ya siku mbili isiyovunja mfuko

*Ijumaa jioni.* Tembea mtaa wa French Quarter, sehemu kongwe ya mji yenye roshani za chuma. Kutembea ni bure. Kwa muziki, mtaa wa Frenchmen una kumbi ndogo za jazz zinazofuatana. Mahali pengi wanamuziki hupitisha ndoo au kofia, kwa hivyo beba noti za dola 1 na dola 5.

*Jumamosi.* Amkia Café du Monde, mgahawa ulioko tangu 1862. Wanauza beignet, binamu wa mandazi yetu, zilizomwagiwa sukari ya unga, na kahawa iliyochanganywa na chikori. Usivae nguo nyeusi. Baadaye panda tramu ya St. Charles, njia iliyoanza 1835. Nauli ni dola 1.25, au dola 3 kwa tiketi ya siku nzima. Ukilipa taslimu, toa pesa kamili, usitarajie chenji. Mchana kula po'boy, mkate mrefu uliojazwa kamba wa kukaanga au nyama. Mkate huu ulipata umaarufu wakati wa mgomo wa wafanyakazi wa tramu mwaka 1929, wenye mkahawa walipoamua kuwalisha wagomaji.

*Jumapili.* Nenda Congo Square, ndani ya bustani iliyopewa jina la Louis Armstrong, mpiga tarumbeta aliyezaliwa mji huu mwaka 1901. Hakuna kiingilio. Zamani, Jumapili alasiri, watumwa walikusanyika hapo kupiga ngoma, kucheza na kuuza bidhaa zao. Enzi za Wahispania, sheria iliwaruhusu watumwa kujinunua, na wapo walioweka akiba kidogo kidogo kutoka biashara ndogo kama hizo hadi wakajikomboa. Simama pale kidogo. Sisi tunaofanya kazi ya pesa tuna mengi ya kujifunza hapo kuhusu maana ya kuweka akiba.

Kama hauli nguruwe, uliza kila mara. Gumbo na maharagwe ya New Orleans mara nyingi huwekwa soseji ya nguruwe, na wenye mzio wa samaki wa magamba wawe makini pia.

Jihadhari: pata potea ya Bourbon

Ukipita mtaa wa Bourbon, mtu atakusimamisha kwa ucheshi: "Naweka dau dola 20, nitakuambia viatu vyako umevipata wapi." Wewe unacheka moyoni, huyu atajuaje Gikomba? Unakubali. Naye anasema: "Umevipata miguuni mwako, hapa mtaa wa Bourbon!" Kisha anadai pesa zake, na mara wenzake wawili wamekuzunguka. Ni pata potea ile ile unayoijua kutoka stendi ya matatu. Tabasamu, endelea kutembea.

Utapeli mwingine huwalenga waliobaki nyumbani. Tapeli anaona picha zako mtandaoni, anadukua akaunti yako au anafungua nyingine yenye jina lako, kisha anamwandikia mama: "Nimeibiwa New Orleans, nitumie elfu ishirini kwa namba hii." Mama hawezi kukataa. Kabla ya kuondoka, kubalianeni swali moja la siri ambalo familia pekee inajua jibu lake, na sheria moja: hakuna kutuma pesa kabla ya kusikia sauti. Nasi tunakukumbusha, hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN yako, uwe Kisumu au uwe Louisiana.

Kabla hujafunga sanduku

1. Gawa bajeti mafungu manne: kulala, kula, usafiri na dharura. La dharura usiliguse.
2. Anza kuweka akiba miezi kadhaa mbele. Kiasi kidogo kila wiki kina nguvu kuliko mkopo wa dakika ya mwisho.
3. Gawanya pesa: nyingine kwenye kadi, nyingine taslimu, na usizibebe zote mfuko mmoja.
4. Washa ujumbe wa kila malipo, ili makato usiyoyajua uyaone siku hiyo hiyo.
5. Tunza risiti hadi amana zote zirudi.

Na ukipata nafasi ya kubaki hadi Jumatatu, agiza maharagwe mekundu na wali. Ndicho chakula cha Jumatatu cha mji huo tangu zamani, kwa sababu ilikuwa siku ya kufua, na sufuria ya maharagwe ingeweza kujipikia polepole mama akiwa kwenye beseni. Umesafiri kuvuka bahari, umeketi mezani, umeletewa wali na maharagwe. Kula, lipa bila wasiwasi, urudi nyumbani bila deni.

Safari njema!