KOO LA MTOTO LINAPOUMA: TUNGOJE AU TUENDE?

Chama chetu cha Kiswahili kilipogawa mada za mwaka huu, wenzangu walikimbilia methali na ngeli, nami nikabakiwa na afya. Sikuteta. Nina kisa cha koo ambacho nimekibeba moyoni tangu likizo moja ya Agosti, na nadhani kitawafaa wale ambao, kama mimi, huachiwa wadogo wao nyumbani.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda mazishini kwa wajomba, safari ya siku mbili. Jioni kitindamimba wetu, mvulana wa miaka 7, alirudi kutoka kucheza akiwa amekunja uso. Ugali akausukuma kando. "Dada, mate hayapiti," akaniambia. Nikamgusa paji la uso: moto kama jiko. Basi shauri likaanza. Nyanya alisema hicho ni kimio, na mkataji yuko ng'ambo ya mto, asubuhi na mapema tumpeleke. Jirani yetu akasema, "Malaria tu hiyo, nenda dukani ununue dawa." Nami nikakumbuka mkebe ulio juu ya kabati, wenye vidonge vinne alivyobakisha baba alipougua kifua. Ushauri wa aina tatu, na anayetakiwa kuamua ni mimi! Nitawaambia nilichofanya, lakini kwanza tujifunze nilichopaswa kujua.

Tuanze na maneno, maana sisi ni Chama cha Kiswahili. Ukimwambia mtoto apanuke kinywa, utaona kijinyama kinachoning'inia katikati. Hicho ndicho kimio, au kidakatonge. Kila mtu anacho na si ugonjwa. Pembeni, kulia na kushoto, kuna tezi mbili, na zikivimba ndipo husemwa mtoto ana mafindofindo. Dondakoo nalo ni ugonjwa wa peke yake, mkali, unaotanda utando wa kijivu kooni hata mtoto akakosa pumzi. Si kila donda la kooni ni dondakoo. Huzuiwa kwa chanjo ambayo mtoto wa Kenya hudungwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kwa hivyo kile kijitabu cha kliniki usikitumie kufungia karanga. Daktari atataka kukiona.

Sasa, koo huumwa na nini? Mara nyingi ni virusi, ndugu wa wale waletao mafua. Mtoto wa namna hii hukohoa, hutiririkwa na kamasi, sauti humkauka, pengine na macho huwa mekundu. Dawa za kuua bakteria hazimsaidii hata kidogo. Atapona mwenyewe, aghalabu ndani ya wiki moja. Lakini katika kila watoto kumi wenye koo linalouma, wawili au watatu hivi huwa wameingiwa na bakteria aitwaye streptokoka. Huyu hupenda watoto wa kati ya miaka 5 na 15, yaani wa shule ya msingi na sisi wenyewe wa sekondari. Kwa watoto walio chini ya miaka 3 si wa kawaida.

Streptokoka huja kwa ghafula. Asubuhi mtoto anacheza, jioni hawezi kumeza. Homa hupanda, kichwa humwuma, wengine tumbo pia na hata kutapika. Ukigusa chini ya taya utakuta tezi zimevimba na zinauma. Ukimulika kooni, mafindofindo ni mekundu, makubwa, pengine yana madoa meupe kama chengachenga za uji. Jambo la kuangalia sana ni lile lisilokuwapo: hakuna kikohozi, hakuna kamasi. Wengine hutokwa na vipele vidogovidogo mwilini. Kwa ngozi nyeusi kama yetu wekundu hauonekani vizuri, basi pitisha kiganja. Utahisi mkwaruzo kama wa msasa.

Hata hivyo hakuna anayeweza kuapa kwa kutazama tu. Hata daktari aliyebobea hukosea, na ndiyo maana palipo na vifaa hupangusa koo kwa pamba na kupima. Kazi yako wewe wa nyumbani si kutoa jina la ugonjwa. Kazi yako ni kuamua kama mtoto huyu ni wa kuonwa.

Mbona nahangaika hivi na koo, ambalo mwishowe hupona? Acheni niwaeleze habari za binti ya shangazi yangu. Alipokuwa na miaka 9 aliumwa na koo wiki nzima. Hakupewa dawa, akapona, watu wakashukuru. Wiki tatu baadaye goti likavimba. Likapoa, kifundo cha mguu kikaanza. Kikapoa, kiwiko nacho kikashika zamu. Wazee wakasema ni mifupa inakua. Alipofika miaka 14 alikuwa hawezi kupanda kile kilima cha kwenda shuleni bila kuketi mara mbili njiani akihema, nasi tukamcheka kuwa ni mvivu. Hospitalini waliposikiliza kifua chake walikuta vali za moyo, vile vilango vinavyofunguka na kufunga damu ipite upande mmoja, zimeharibika.

Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Yaani mwili, katika kupigana na yule streptokoka, huchanganyikiwa na kuanza kujipiga wenyewe: maungo na moyo. Maungo hupona, moyo huenda usipone. Koo limeshasahauliwa kabisa, kwa kawaida wiki mbili hadi nne zimepita, ndipo balaa huanza. Si ugonjwa wa kijijini kwetu tu. Mwezi wa Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Ulimwenguni kule Geneva ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yaukabili. Binamu yangu sasa hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, ili koo lisije likamrudia na kuongeza madhara. Anasema sindano yenyewe huuma mpaka kesho yake. Hatumcheki tena.

Si kila mwenye streptokoka hupatwa na hayo, ni wachache. Lakini huwezi kumjua nani kati yao. Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, moyo huweza kuokolewa. Na dawa yenyewe si ya ajabu. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, na mpaka leo streptokoka huyu hajapata ujanja wa kuishinda. Hizo siku 9 zisikufanye ulale, lakini zinakuondolea haja ya kukimbia usiku wa manane kwa koo tu.

Wa kukimbizwa usiku wa manane ni mwingine. Ni mtoto anayeshindwa kunywa hata maji au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea asiamke vizuri. Ni yule anayetokwa na udenda kwa kushindwa kumeza mate yake, anayepumua kwa shida au kwa sauti ya kukoroma hali yuko macho ametulia, asiyeweza kufungua kinywa, au mwenye shingo ngumu. Huyo usimwingize kijiko kooni eti umchungulie, kwa sababu njia ya hewa yaweza kuziba. Mkalishe anavyotaka mwenyewe mkaondoke. Mtoto mchanga chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, naye haongojewi hata kama anaonekana mzima.

Halafu kuna suala la mahali mnapokaa. Sisi wa upande wa ziwa, na wenzetu wa pwani, tuna malaria. Kwetu mtoto mwenye homa apimwe malaria siku iyo hiyo au kesho yake, awe na koo au asiwe nalo. Jirani yangu hakukosea kuitaja malaria. Alikosea kusema tununue dawa bila kupima. Koo bovu na malaria vyaweza kuwa katika mwili mmoja, na dawa ya hiki haitibu kile.

Nani basi angojewe? Mtoto mkubwa kiasi, ana mafua na kikohozi, anakunywa vizuri, homa ikishuka anaamka kucheza, na kama ni kwetu basi amekwisha kupimwa malaria. Huyo mpe vinywaji kidogo kidogo, uji mwepesi, chai yenye asali kama ametimiza mwaka mmoja (aliye chini ya hapo asali ni marufuku). Aliye mkubwa wa kutosha asukutue koo kwa maji vuguvugu ya chumvi. Kwa homa mpe parasetamoli kulingana na uzito wake kama maandishi ya chupa yanavyosema, ukiacha saa 6 katikati na usizidishe mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe mtoto. Siku ya tatu akiwa hajaanza kupata nafuu, mpeleke, na akizidiwa kabla ya hapo usingoje hiyo siku ya tatu.

Na kimio? Nyanya yangu nampenda, na alisema aliyosema kwa nia njema, kwa kuwa hata yeye alikatwa. Lakini kukata kimio hakuondoi streptokoka wala virusi. Kunaacha kidonda kinachoweza kutoka damu isiyokoma, na wembe waweza kuleta pepopunda au virusi vya ukimwi. Tena siku zinazotumika kungoja kidonda cha wembe kipone ndizo zile siku 9 zinayoyoma.

Haya, turudi usiku ule. Nyanya nilimwomba kwa heshima tungoje mama arudi. Nilimulika koo la mdogo wangu kwa tochi, nikayaona yale madoa meupe. Hakuwa akikohoa. Maji alikunywa, kwa machozi lakini alikunywa, nami nikajua si wa kukimbizwa usiku. Hadi hapo nilifanya vyema. Kisha, hata sijui ni nini kilichonituma, nilifungua ule mkebe nikampa kidonge kimoja cha baba. Kesho yake tulipanda bodaboda hadi kituo cha afya. Tabibu akauliza, "Amekunywa dawa gani?" Nikamwambia. "Inaitwaje?" Sikujua. "Ya mtu mzima au ya mtoto?" Nikatazama sakafu. Hakunigombeza, alinieleza tu kwamba wengine miili yao haipatani na dawa hizo, huvimba na kukosa pumzi, na kwamba kidonge kimoja hakiui bakteria wote, kinawachokoza.

Walimpima malaria, hakuwa nayo. Akachunguzwa koo, akaandikiwa amoksilini ya siku 10. Siku ya tatu alikuwa uwanjani akipiga chenga! Hapo ndipo penye mtego, wasomaji wenzangu, maana homa imekwisha, dawa imebaki chupa nzima, na nyanya anasema iwekwe kwa ajili ya mtoto mwingine. Kumbe vile vidonge vinne vya baba vilibaki kwa njia hiyo hiyo. Nilichora visanduku kumi nyuma ya daftari langu la hesabu, nikawa naweka alama kila jioni hadi cha mwisho. Mama aliporudi aliutupa mkebe chooni na yote yaliyomo.

Tabibu alitwambia tumwangalie kwa wiki kadhaa baada ya hapo: viungo vikivimba au kuuma kwa kuhamahama, akichoka na kuhema bure, mikono ikichezacheza bila yeye kutaka, au akivimba uso na kukojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, arudishwe upesi. Katika wiki ya tatu alikuja akichechemea, ameshika goti. Mama alikuwa tayari ameshavaa viatu tuondoke tulipogundua kwamba alikuwa ameanguka kutoka mwembe wa jirani, na alikuwa ameapa na wenzake kutosema.